Meza Iliyokunjwa Nusu

3 Februari

Kwako Profesa,

Barua yako nimeipata, pamoja na kitabu. Kitabu chenyewe bado kiko kwa afisa anayesoma barua zetu. Huku tunamwita Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi inayompita bila kugongwa. Ameniambia anakimalizia kwanza yeye. Kwa hiyo ujue hata hii anaisoma. Ukiandika, msalimie.

Sasa nisikilize. Mama ameniandikia kwamba Baba ametoka hospitali, na tangu arudi anashinda kwenye kiti. Kiharusi kimemshika upande wa kulia, lakini bahati yetu Baba ni mtu wa mashoto. Mkono wake wa kazi ni mzima. Daktari amesema lazima asimame na kuutumia mwili kila siku. Mama akimhimiza, anamjibu, "Nisimame nikafanye nini?" Unamjua. Vitu viwili tu ndivyo vilivyokuwa vikimsimamisha: randa na mpira wa meza. Karakana amefunga. Umebaki mpira, na aliyekuwa akisimama upande wa pili wa meza ni mimi, na mimi niko jela kwa sababu ya mkono wangu mwenyewe uliomtoa mtu jicho. Hilo tusilirudie.

Naomba ujifunze. Najua wewe na mpira ni paka na maji. Najua saa ya michezo unajificha maktaba. Lakini mzee yule hawezi kuvumilia kuona mtu ameshika raketi vibaya mbele yake. Itamuuma, atasimama akurekebishe. Akikaa kitini ataisha, dada, na mimi nataka nimkute.

Mwezi wa nane kuna kikao cha msamaha kwa wenye mwenendo mwema. Nikipita, nitakuwa nyumbani kabla shule hazijafungwa. Nishikie mzee hadi hapo.

Kaka yako


25 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Na afisa pia, shikamoo.

Nimekubali. Nilikaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kukataa kwa adabu, sikuipata.

Jana baada ya shule niliingia karakana, nikaondoa turubai juu ya meza. Bado inanuka gundi. Mama alimleta Baba, akamketisha kwenye benchi la kurandia. Nikashika raketi yako. Baba aliutazama mkono wangu, kisha akageuza uso kama mtu aliyeona nyama mbichi ikiliwa. Halafu akanivuta karibu, akanifungua vidole kimoja kimoja na kuvipanga upya. Mkono wake ni mzito, Kaka, na una joto. Alichukua chaki yake ya kuchorea mbao, akaupaka mpira hadi ukawa na vumbi, akanirushia akiwa amekaa. Nikaukosa. "Tena," akasema. Nikaupiga kwa kidole gumba. "Tena." Ulipogusa raketi hatimaye, aliinyakua, akanionyesha doa la chaki. Lilikuwa pembeni kabisa, kwenye ukingo. Akagonga kwa kucha katikati ya raketi. "Hapa."

Hayo ndiyo maneno yote ya somo langu la kwanza.

Hakusimama. Lakini tulipomaliza alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akajiinua kidogo kama anayepima kitu, akakaa tena. Mama aliona. Akatoka nje akisingizia sufuria iko motoni, na jiko lilikuwa limezimwa.

Nitaendelea. Mpira ukija nafumba macho. Nimesoma kwamba ni kawaida.

Dada yako


20 Machi

Profesa,

Umesoma wapi kwamba ni kawaida? Kufumba macho ni kawaida ya kuku anayechinjwa. Fumbua.

Barua yako nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Ndiye yeye kabisa. Mimi nilipewa "tena" mwaka mzima kabla sijaisikia "hapa", kwa hiyo usijione mjinga, umependelewa. Na alijiinua. Kila akijiinua, niandikie.

Siku akisimama, atakwenda upande wa pili wa meza na kukuonyesha pigo hewani, bila mpira. Usimuulize maswali. Iga tu. Yeye haelezi, yeye anakutazama. Wapo wengi wanaojua mpira. Baba anajua kuona. Hata akiwa amekupa mgongo anachukua gundi, atajua kiwiko chako kimeinuka. Atakohoa. Ukisikia kikohozi, shusha kiwiko.

Muhuri amemaliza kitabu. Kila siku ananiuliza kama dada amefumbua macho.

Mimi natembea huku kama niliyebeba mayai. Juzi mtu alinipiga kikumbo kwenye foleni ya chakula, makusudi kabisa, uji ukanimwagikia. Nikakumbuka kikao, nikautia mkono mfukoni. Nguo hizi hazina mfuko. Nikautia kwapani, nikasimama hivyo hadi foleni ikaisha.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Mama anakusalimu. Anasema hataweza kuja kukuona kwa sababu safari ni ndefu na hawezi kumwacha Baba peke yake.

Mazoezi yanaendelea vizuri sana. Siku hizi Baba ananifundisha mengi. Amesema miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe kwenye vidole vya miguu. Pigo la mbele lina sehemu tatu: kurudisha mkono, kugusa mpira, na kumalizia, na mkono ukimalizia ufike usawa wa paji la uso, kama anayepiga saluti. Anasema wengi wanaoanza hukosea kwa kukaza bega. Anasema dakika chache za kila siku zinashinda saa nyingi za siku moja. Na tusisahau kutabasamu.

Tumeikunja nusu moja ya meza ikasimama wima kama ukuta, mpira unagonga na kurudi. Ni ili Baba asichoke.

Macho sifumbi tena. Mwambie afisa.

Hapa nyumbani kila kitu ni sawa. Usiwe na wasiwasi wowote, na mkono uendelee kukaa kwapani.

Dada yako


5 Mei

Profesa,

Nimecheka hadi nimekohoa. Tusisahau kutabasamu? Baba yupi huyo? Aliyepiga picha ya harusi yake kama anapigwa ya polisi? Kumbe kiharusi kimemfungua ulimi. Nimemsimulia mwenzangu wa chumbani, akasema wazee wakichungulia kaburi wanarudi wapole. Labda.

Lakini sijui ni nini, nikiisoma barua hii simsikii. Ile ya kwanza nilimsikia hadi pumzi. Pengine ni mimi. Siku za huku zinafanana, na masikio yanaziba.

Nifanyie jambo moja. Siku ya mashindano yangu ya kwanza, Baba alipaka mpira chaki, akaukandamiza kwenye karatasi, akanitilia mfukoni. Doa tu, bila neno. Mwambie anifanyie tena, chini ya barua yako. Sitaki maneno yake, hayo mengi nayaacha huko huko kwako. Nataka doa.

Kikao kimethibitishwa. Jina langu limo.

Kaka yako


2 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Doa liko chini hapo. Usilisugue, litafutika.

Nimefika kwenye pigo la nyuma ya mkono. Shuleni nilicheza na msichana mwenzangu wa darasa, mezani pa walimu baada ya wao kuondoka, nikamshinda. Aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema nyumbani. Sikuweza kusema zaidi, unanijua, nikaenda maktaba.

Kinachonisumbua ni kugeuza. Baba akisimama mbele yangu, mkono wake wa raketi unakuwa upande wangu wa kushoto, kwa hiyo kila anachofanya inabidi nikigeuze kichwani kwanza: akienda huku, mimi niende kule. Wiki nzima nilikuwa nikitanguliza mguu usio sahihi. Sasa nimepata njia. Namtazama kutoka nyuma, au namwomba arudie polepole sana. Anarudia kadiri ninavyotaka, hachoki wala hakasiriki.

Ni matumaini yangu kwamba unakula.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Muhuri alilipeleka doa dirishani, akalinusa, akaniuliza ni unga gani huo. Nikamwambia ni chaki ya seremala, ya baba yangu. Akanipa karatasi kwa mikono miwili. Nikalala nimeiweka kifuani.

Asubuhi nikasoma tena pale unapogeuza.

Baba ana mashoto. Mimi natumia mkono wa kulia, na wewe pia. Akisimama mbele yetu, mkono wake wa raketi uko upande uleule wa mkono wetu. Ni kama kujitazama kwenye kioo. Akienda huku, nawe unakwenda huku. Ndiyo sababu pale ukumbini alipokuwa akifundisha watoto, hata mtoto asiyejua kulia wala kushoto alijifunza kwake. Miaka yote niliyosimama mbele ya Baba sijawahi kugeuza kitu.

Wewe unageuza nini?

Na Baba asiyekasirika ukimwomba arudie, huyo simjui.

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika ili mkono utulie. Nakuuliza mara moja tu. Ni nani anayesimama mbele yako? Baba yuko wapi?

Kaka yako


7 Julai

Kaka,

Baba amefariki. Alifariki mwishoni mwa mwezi wa tatu. Barua yako ya kuku ilipofika, tulikuwa tumeshamzika.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na maelezo sitafika.

Ilikuwa asubuhi, mimi nikiwa shuleni. Mama alimkuta karakana. Hakuwa kwenye benchi. Alikuwa ameanguka upande wa pili wa meza, upande wake, na raketi iko kwenye mkono wa kushoto. Alikwenda mwenyewe. Alisimama, Kaka. Hakuna aliyemwona, lakini kutoka benchini hadi pale hakuna njia nyingine ya kufika. Sijui kama alikuwa anajaribu ili jioni anionyeshe pigo. Nalifikiria hilo darasani. Nalifikiria nikipiga mswaki.

Mama alisema usijue hadi utoke. Alisema, "Akilisikia humo ndani, mkono wake utamtangulia, na hapo hatutamwona tena." Alikuwa amekaa sakafuni akisema hivyo. Nikaapa.

Anayesimama mbele yangu ni mwanamume kwenye simu ya Mama. Ana fulana ya bluu na meza mpya. Video zake ni nyingi, nimezitazama zote. Anaeleza vizuri, sitamsingizia. Kila nilichokuandikia ni chake, na ni kwa sababu yake nilimshinda yule msichana. Lakini mwisho wa kila somo anasema "umefanya vizuri sana," na siku moja aliniambia hivyo nikiwa nimekaa chini nalia, na raketi sijaigusa. Anaonekana, lakini haoni. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyenikoholea.

Meza niliikunja kwa sababu hakuna mtu upande ule.

Doa nililigonga mimi. Chaki ni yake.

Ningeweza kutunga tu bila kucheza, na ingekuwa rahisi kwangu. Lakini niliona nikikuandikia mazoezi nisiyoyafanya, uongo utakuwa mzima. Nikiyafanya, utakuwa nusu. Najua hesabu hiyo ni mbovu.

Kikao ni mwezi ujao. Nakuomba, Kaka. Mkono kwapani.

Dada yako


26 Agosti

Kwa dada wa mfungwa,

Mimi ndiye afisa ninayesoma barua. Si kawaida yangu kujibu, na sina uhakika kama inaruhusiwa.

Barua yako ya mwisho ilikaa kwenye droo yangu kupita kanuni. Sikujua nimpe vipi. Mwishowe nilimwita ofisini, nikamwambia aketi, aisomee pale. Nilidhani namfanyia wema.

Aliisoma, akaikunja vizuri kama ilivyokuja. Akasimama. Alinitazama kwanza mimi, na sitaficha, niliogopa. Kisha akanipa mgongo, akaupiga mlango wa chuma kwa mkono wa kulia, na akaendelea kuupiga. Askari wawili waliingia kumshika. Katika kuvutana, mmoja alianguka akateguka bega.

Mimi nimeandika nilichokiona, kwamba hakumpiga mtu. Mwenye bega ameandika lake. Kikao kimechukua la mwenye bega. Hatapata msamaha, na kifungo kimeongezwa mwaka.

Mkono ulivunjika mifupa, na daktari alichelewa kufika. Umeunga vibaya, vidole havifungi. Ndiyo maana hamjapata barua kutoka kwake.

Kitabu chako kiko salama. Poleni sana kwa msiba wa mzee. Nilikuwa nimeanza kumzoea.

Afisa wa barua


20 Oktoba

Dada,

Usishangae mwandiko. Ni mkono wa kushoto. Kila neno linanitoa jasho, kwa hiyo nitasema machache.

Mwambie Mama sijamkasirikia. Si kweli bado, lakini mwambie.

Wewe hukumuua Baba. Mimi ndiye niliyekutuma umsimamishe. Na mimi pia sikumuua. Hivyo ndivyo ninavyosema asubuhi. Kufika mchana nimeshabadilika. Nilikuandikia kwamba akikaa kitini ataisha. Hakukaa. Nimebaki na hilo, nalizungusha kichwani, na sijui bado kama ni la kunifariji au la kunimaliza.

Mkono wa kulia hautashika raketi tena. Daktari alikuwa anazungukazunguka, nikamwambia aseme tu.

Muhuri ameniletea kipande cha ubao na mpira. Nagonga ukutani kwa huu wa kushoto, uani, wakati wa mapumziko. Naukosa. Na nafumba macho, Profesa, usicheke. Muhuri anasimama kando na mafaili yake kwapani. Hajui lolote kuhusu mchezo huu zaidi ya alichosoma kwenye barua zetu. Juzi nilikosa, akasema, "Tena." Nikamgeukia. Akasema, "Si ndivyo inavyosemwa?"

Endelea na huyo wa fulana ya bluu. Ila akikusifu, usimwitikie.

Doa hilo chini si chaki, huku hatuna. Ni chokaa ya ukutani. Liko pembeni, naliona.

Nikitoka utakuwa umemaliza shule. Siku hiyo nenda karakana kabla sijafika, ukunjue ile nusu ya meza. Nitasimama upande wa Baba, nimeshika raketi kwa kushoto, vibaya. Wewe simama mbele yangu. Hutageuza kitu.

Kaka yako